Soketi Namba Kumi na Nne

Mzee Swichi alikutwa amekufa siku ya Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi. Alikuwa amelala chali, macho wazi, bomba la oksijeni likiwa puani. Kando ya kitanda mashine ya oksijeni ilikuwa inanguruma kama kawaida yake.

Hiyo ndiyo iliyomsumbua muuguzi.

"Mimi sisaini kuwa ni kifo cha kawaida," alimwambia Inspekta mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba wa zahanati begani, na kila Jumatatu alikuja kumpima mgonjwa huyo. "Mashine inafanya kazi. Bomba liko puani, halijapinda. Lakini tazama midomo. Tazama kucha. Huyu kakosa hewa."

"Umesema mwenyewe mapafu yalikuwa mabovu."

"Mabovu ya miaka mitatu. Kwa mashine alikuwa anaenda. Bila mashine, nusu saa. Familia inajua, niliwaambia."

"Mashine ikikosa umeme si inapiga kelele?"

"Inategemea betri yake ndogo. Betri ilikufa mwaka jana. Nikaandika ibadilishwe, nikaandika tena. Kuandika ndiyo kazi yangu."

Inspekta naye aliandika. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na maiti hazikumfanya kitu siku hizi. Alizitazama kama mtu anavyotazama fomu ya kujaza. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa, akaona ni dada yake, akairudisha.

Chumba kilikuwa nadhifu. Shuka zilikuwa safi, zimenyooshwa. Mtungi wa akiba wa oksijeni ulisimama pembeni, hatua nne kutoka kitandani. Kwa mtu aliyepooza miguu na mkono mmoja, hatua nne ni safari. Juu ya kitanda, ukutani, kulikuwa na kisanduku cheupe kidogo kama kipande cha sabuni, chenye taa ya kijani.

Akamwacha Sajini chumbani apige picha, akaenda jikoni.

Binti wa marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani. Alikuwa na miaka kama arobaini. Hakuwa analia. Kapu lake lilikuwa mezani, vitunguu na mkate bado vimo ndani.

"Pole, dada."

"Ahsante."

"Mnaishi wangapi hapa?"

"Mimi na Baba. Kaka yangu yuko nje ya nchi."

"Leo ulitoka saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro hivi. Nilimpa chai, nikatoka."

"Ukaenda wapi?"

"Dukani, halafu nikapita sokoni. Nikarudi saa nne na nusu. Muuguzi nilimkuta getini, tukaingia pamoja."

"Mashine uliiacha inafanya kazi?"

"Haizimwi. Tangu ije haijazimwa."

Kule chumbani Sajini akasema kwa sauti, akimuuliza muuguzi: "Na hii kengele ndiyo ipi?"

Nyumba nzima ikalia. Ililia jikoni, ukumbini, bafuni, hata uani nyuma, mlio mmoja mkali usiokata pumzi. Inspekta alishtuka. Binti hakushtuka.

"Nakuja," alisema, na tayari alikuwa amesimama.

Mlio ukakatika. Binti akabaki wima kwa muda, mkono mmoja mezani, kisha akakaa taratibu.

"Ndivyo ilivyo," alisema. "Inalia mpaka ujibu. Baba ndiye aliyetaka hivyo."

Sajini alichungulia mlangoni, uso umemshuka. "Samahani, mkuu. Sikujua kinasikiliza kila mtu."

"Hapa ndani usiseme kitu bila kufikiri," Inspekta akamwambia.

Habari za nyumba ile alizipata ng'ambo ya barabara, kwa Mama Cherehani, fundi nguo aliyeshona barazani kwake. Mzee Swichi alikuwa fundi umeme wa kiwandani kwa miaka thelathini. Nyumba yake aliifunga nyaya mwenyewe, zamani, kwa namna ambayo hakuna mtu mtaani aliyekuwa nayo: taa, mapazia, feni, redio na soketi zote ziliongozwa kutoka kwenye paneli moja chini ya ngazi, na yeye akibonyeza vitufe vya rimoti. Kiharusi kilipochukua vidole, rimoti haikuwa na kazi tena. Miezi miwili iliyopita mwanawe akaagiza fundi aunganishe kisanduku cha sauti kwenye mfumo ule wa zamani.

"Basi tukakoma," alisema Mama Cherehani. "Mzee alikuwa mbishi, akawa mbishi mwenye vipaza sauti. Pazia fungua, pazia funga. Ukipita anakuwashia taa ya getini mchana kweupe, ujue amekuona."

"Leo je?"

Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani.

"Leo alicheza sana. Pazia lilifunguka, likafungwa, likafunguka. Taa za nje zikawaka zikazima. Redio ikapanda juu kabisa. Nikasema, Mzee Swichi leo kaamka vizuri."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu imepita. Na robo, na nusu, hapo katikati."

"Ukafanya nini?"

"Nikampungia mkono, baba." Alitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano. "Nikampungia mkono, nikaendelea na suruali ya watu."

"Umeme ulikatika asubuhi?"

"Ungekatika ningekuwa nimelala. Cherehani hii inakula umeme. Haukukatika."

Paneli ya chini ya ngazi ilikuwa kubwa kama mlango wa kabati. Ndani yake rilei, swichi zinazokata na kuunganisha umeme, zilipangwa safu tatu, kila moja na namba iliyoandikwa kwa mkono wenye nidhamu. Chini ya kila rilei kulikuwa na kitufe cha kuijaribia na kaunta ndogo ya tarakimu. Pembeni kulining'inia daftari kwa uzi.

"Hizi kaunta za nini?" Inspekta alimuuliza Sajini, ambaye aliwahi kusomea umeme kabla ya polisi.

"Mtindo wa kiwandani. Rilei ina umri wake. Kila ikizima na kuwaka tena kaunta inapanda moja. Ikifika idadi fulani unaibadilisha kabla haijafa. Nyumbani sijawahi kuona."

Daftari lilikuwa na hesabu za kila Jumamosi kwa miaka mingi. Kurasa za zamani zilikuwa na mwandiko wa mzee. Za miaka mitatu ya mwisho zilikuwa na mwandiko mwingine, wa duara, wa kike.

Rilei namba kumi na nne ilikuwa imefungwa utepe mwekundu. Kwenye daftari iliandikwa: soketi ya mashine, chumbani. Jumamosi ya juzi ilisomeka mia mbili na kumi na mbili. Jumamosi ya kabla yake, mia mbili na kumi na mbili. Wiki tisa mfululizo.

Sajini akainama na tochi.

"Mia mbili na kumi na tatu, mkuu."

"Soma tena."

"Mia mbili na kumi na tatu. Imezimwa, ikawashwa. Kati ya juzi na sasa."

"Umeme ungekatika?"

"Ungekatika na ya friji ingepanda. Friji iko namba tatu." Akalinganisha. "Haijapanda. Ni hii peke yake."

Inspekta alitazama kile kitarakimu cha mwisho. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele.

Saa saba mwana wa marehemu akapiga simu kutoka huko aliko. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Ni yule fundi," alisema. "Kisanduku chake kimekosea kikazima mashine. Nilimwambia awe makini. Mkamateni."

"Kaka, tunachunguza."

"Chunguzeni akiwa ndani."

Fundi alikutwa kwenye duka lake la vifaa vya umeme, bisibisi mdomoni, akifungua feni ya mtu. Alikuwa mwembamba, mwenye kucha zilizoungua ncha. Alipoambiwa, bisibisi ikaanguka.

"Kumi na nne sikuiunganisha," alisema. "Kisanduku changu kinabonyeza rilei kwa waya, moja moja. Kumi na nne haina waya. Nilitia utepe mwekundu kwa mkono wangu, mbele ya dada. Kitu kinachomweka mtu hai hukiachii maneno."

"Waya unaweza kung'olewa baada ya tukio."

"Na nani? Mimi tangu Alhamisi ya wiki jana sijakanyaga kule. Nilikuwa niende kesho, kupeleka cha shingoni."

"Cha shingoni kipi?"

"Spika ndogo ya kuvaa. Kaka mtu ndiye aliyeagiza. Ili dada akiwa dukani au njiani amsikie mzee vilevile."

Inspekta akaandika. Kisha akamwambia apande gari.

Kituoni walimweka mahabusu. Daktari wa maiti alileta majibu ya awali jioni ile: marehemu alikufa kwa kukosa hewa, hana jeraha, hakuzibwa pumzi kwa mkono wala kwa mto. Kesi ikawa na mlango mmoja tu uliokuwa wazi, na mlangoni alisimama fundi. Kuua bila kukusudia. Kosa hilo lina kifungo cha miaka mingi.

"Nina watoto wanne, mkuu," fundi alisema kupitia nondo. Hakupaza sauti. "Nikienda mimi, wanaenda wote."

"Leta kitu basi. Neno lako halitoshi."

Fundi alishika nondo, akafikiri. "Kuna kadi," alisema. "Ndani ya kisanduku kikuu. Sauti zenyewe haihifadhi, ila inaandika kila neno ililolitambua, saa, chumba na namba ya aliyesema. Nilikifundisha sauti tatu. Ya kwanza mzee, ya pili dada, ya tatu muuguzi. Someni. Kama kuna neno lililoigusa kumi na nne, nifungeni."

"Familia inajua kuhusu kadi?"

"Waliniuliza lini? Mimi mwenyewe naitazama kitu kikiharibika tu."

Asubuhi iliyofuata Sajini alichomeka kadi kwenye kompyuta ya kituo. Fundi alisimama nyuma yao, pingu mkononi. Walishuka mpaka Jumatatu.

Saa tatu na dakika nne. Chumbani. Sauti ya kwanza. Kengele.

Saa tatu na dakika nne. Jikoni. Sauti ya pili. Nakuja.

Saa tatu na dakika sita. Chumbani. Sauti ya kwanza. Kengele.

Saa tatu na dakika sita. Jikoni. Sauti ya pili. Nakuja.

Sajini aliacha kusoma kwa sauti. Mistari ilishuka. Kengele, nakuja. Kengele, nakuja. Kisha mzee alianza kuita vitu vingine: pazia fungua, pazia funga, taa za nje, redio juu. Kisha kengele tena. Mstari wake wa mwisho ulikuwa wa saa tatu na dakika thelathini na moja, na chini yake, kama kawaida, jikoni, sauti ya pili, nakuja.

Kumi na nne haikutajwa popote.

"Mara kumi na moja," alisema Sajini. "Anaita, anajibiwa. Na yeye alisema alitoka saa tatu kasoro."

"Kuna mmoja umebaki," fundi akasema, akionyesha kwa kidevu.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili. Chumbani. Sauti ya pili. Haikueleweka.

"Maana yake nini?"

"Alisema kitu ambacho si amri. Kisanduku kimemtambua, maneno hakikuyajua."

Inspekta alimgeukia konstebo aliyekuwa mlangoni. "Mfungue fundi."

Binti aliletwa saa nne. Alikaa kama alivyokaa jikoni, mikono mapajani. Inspekta alimsomea haki zake. Akasema ameelewa.

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Nimeshasema. Saa tatu kasoro."

"Mwenye duka amesema ulifika asubuhi. Nikamuuliza asubuhi ipi, akasema asubuhi ni asubuhi."

"Ndivyo alivyo."

"Nani anaweza kubonyeza namba kumi na nne kwenye paneli?"

"Yeyote mwenye kidole."

"Nyumbani mna vidole vya nani?"

Simu ya Inspekta ikatetemeka mezani. Akaigeuza uso chini. Ikaacha. Ikaanza tena.

"Fundi tulimweka ndani jana," Inspekta aliendelea. "Kaka yako anataka ashtakiwe."

"Mlimfunga?"

"Ana watoto wanne."

Alitazama mikono yake. Simu ikatetemeka mara ya tatu, ikisogea kidogo kidogo juu ya mbao.

"Pokea," alisema binti. "Anayepiga mara tatu ana shida."

"Ni dada yangu. Anamtunza mama yetu. Atangoja."

Binti akainua macho. Tangu jana alikuwa hajamtazama usoni. Sasa alimtazama, kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao cha mahali alipowahi kuishi.

"Mwaka wa ngapi?" aliuliza.

"Wa nne."

"Bado anapiga. Ni vizuri. Mimi niliacha kumpigia kaka mwaka wa pili."

Inspekta akasukuma karatasi mbele yake. Sajini alikuwa ameichapa kutoka kwenye kadi. Binti alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hivi kinaandika na majibu," alisema.

"Kinaandika."

"Nilisema nakuja?"

"Mara kumi na moja."

"Sikumbuki." Alirudi juu ya karatasi, akahesabu. "Nilikuwa nimesimama jikoni, nashika sinki. Nilijua inalia. Sikujua kama ninajibu. Mdomo umeshazoea."

"Ulizima wewe?"

"Nilizima mimi. Saa tatu, baada ya chai. Nikabonyeza kitufe, nikarudi jikoni. Baadaye nikakibonyeza tena ikawaka, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilitaka muuguzi anikute natoka sokoni. Kaunta niliisahau. Miaka mitatu nimeiandika kila Jumamosi, na nikaisahau."

Sajini alikuwa akiandika upesi. Inspekta akamngoja amalize mstari.

"Kwa nini?"

"Alikuwa anakupiga?"

Hilo la pili lilitoka kwa Sajini. Binti akatikisa kichwa.

"Baba hakuwa mbaya. Alikuwa anaita tu. Mto. Maji. Nzi. Pazia limebaki kidogo. Nilikuwa fundi wa maabara, nikaacha kazi nikiwa na miaka thelathini na sita, tukasema ni kwa mwezi. Kulikuwa na mtu aliyetaka kunioa. Alingoja mwaka mzima, hakukosea." Alinyoosha gauni magotini. "Lakini nilikuwa na uani. Zamani Baba alikuwa na kengele ya mkono, na nikienda kuanika nguo nyuma haisikiki. Nguo nne nilikuwa naanika kwa saa nzima. Uani palikuwa pangu."

"Kisha kikaja kisanduku."

"Kaka alipiga simu akasema, nimekuletea msaidizi, sasa utapumzika. Fundi wa watu akafanya alichoagizwa. Spika jikoni, spika bafuni, spika uani. Taa aliwasha mwenyewe, kweli. Pazia alifungua mwenyewe. Lakini mto kisanduku hakigeuzi. Nzi hakifukuzi. Kikawa kinaita tu, na kinaita kila mahali. Nikiwa chooni najibu. Nikiwa na sabuni machoni najibu."

"Ungemwambia kaka yako."

"Nilimwambia Jumapili. Nikamwambia njoo ukae naye wiki moja, moja tu. Akasema mwaka huu haiwezekani, ila ana wazo. Ataniletea cha kuvaa shingoni." Aligusa shingo yake kwa vidole viwili, chini ya kidevu. "Nikamshukuru. Nikakata simu. Usiku nililala vizuri. Asubuhi nikampa Baba chai, nikamfuta mdomo, nikaenda chini ya ngazi."

Nje mtu alikuwa anafagia ua wa kituo.

"Alikuwa na akili zake mpaka mwisho," binti alisema. "Alivyoona siji akawasha taa za nje. Niliona pazia linafunguka na kufungwa, kivuli chake kinapita ukumbini. Nikajua anamwita Mama Cherehani."

"Alimwona," Inspekta alisema. "Akampungia mkono."

Binti akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hatakinunua.

Sajini alimsomea maelezo yake. Alisahihisha mahali pamoja: si sinki la chuma, ni la zege. Akatia saini kwa ule mwandiko wa duara. Kilibaki kitu kimoja, na Inspekta hakukihitaji kwa ajili ya mashtaka. Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa karatasi.

"Hapa. Saa tatu na dakika hamsini na mbili, chumbani. Ulisema nini?"

Alilainisha ukingo wa karatasi kwa kiganja.

"Nilimnyoosha shuka. Nikamfunga kifungo cha juu. Nikamwambia nimefika, Baba."

Inspekta akaandika, neno kwa neno, mbele ya lile lililosema haikueleweka. Kisha akafunga jalada. Simu ilikuwa imenyamaza.